Madaraja ya Wafungwa Katika Nchi ya Kajiado

Ni desturi ya kijitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na taarifa ya katibu, kutenga kurasa chache kwa ajili ya mambo ya kale, kwa sababu chama kisichojua kilikotoka hakijui kiendako. Mwaka huu hatukuchagua habari ya kufurahisha. Tumechagua habari ya wafungwa, wala si kwa kupenda kwetu, bali kwa kuwa jambo lenyewe lilitujia mlangoni.

Katika mwaka huu wa taarifa, jamaa wa mwanachama mmoja, mtu aliyefundisha shule miaka mingi, walikuja mbele ya kamati. Mwalimu huyo alikuwa rumande katika kaunti yetu, akingoja kesi yake. Jamaa zake walituomba tuandike barua kwa wakuu wa gereza, kwa jina la chama, kuomba awekwe katika daraja la juu: apewe kitanda, godoro jema na chakula mbali na cha wengine. Sababu waliyoitoa ilikuwa moja, kwamba yeye ni mtu aliyesoma, mwenye heshima yake, haifai alale mahali anapolala mwizi wa ng'ombe.

Katika mkutano uo huo alikuwako mama mjane kutoka upande wa Kitengela. Mwanawe, kijana mchungaji, alikuwa rumande hiyo hiyo, akishitakiwa kwa wizi wa ng'ombe. Mama huyo hakuomba kitu. Aliuliza swali tu: "Na huyu wangu, yeye ni wa daraja gani?"

Kamati iligawanyika. Wengine walisema kwamba heshima ya mwalimu ni heshima ya chama. Wengine walisema kwamba chama cha ustawi wa watu hakiwezi kuomba godoro kwa mmoja na kumwacha mwingine sakafuni. Shauri liliahirishwa, na tulio wachache tukatakiwa tutafute jinsi wafungwa walivyopangwa katika nchi hii tangu zamani, nani alipewa mema, na kwa haki gani. Haya ndiyo tuliyoyapata.

KABLA YA KUTA ZA GEREZA

Jina la Kajiado latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mto mrefu. Katika nchi hiyo, na katika mbuga za Kitengela zinazoshuka kutoka upande wa Nairobi, wazee wa Kimaasai waliamua mashauri chini ya mti, na aliyekosa alilipa ng'ombe. Hapakuwa na nyumba ya kumfungia mtu. Adhabu iligusa mali ya mkosaji na ya ukoo wake, na ukoo wote ukajua kwamba umekosa.

Bibi Karen Blixen, mlowezi kutoka Denmark aliyelima kahawa karibu na milima ya Ngong, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1937 kwamba Mmaasai akitiwa gerezani hufa kwa muda wa miezi mitatu, na kwamba kwa ajili hiyo sheria ya Kiingereza haikumpa adhabu ya kifungo ila faini tu. Maneno hayo yalisomwa sana Ulaya, na mpaka leo kuna watu wanaoyasimulia. Walakini mwaka 1946, kijana wa Kimaasai aliyemwua ofisa wa wilaya kule Narok kwa sababu ya ugomvi wa ng'ombe alishikwa, akahukumiwa na akanyongwa, kama ambavyo angenyongwa mtu wa kabila lingine lolote. Twaitaja habari hii kwa sababu inaonyesha tabia ya nyakati zile: hata kabla mtu hajafika mlangoni mwa gereza, alikuwa amekwisha kupangwa katika daraja lake, na daraja lenyewe ni kabila lake.

DARAJA LA RANGI

Idara ya magereza ya nchi hii ilianzishwa mwaka 1911. Katika magereza ya wakati wa ukoloni, jambo la kwanza lililoamua mtu atakula nini, atavaa nini na atalala juu ya nini ni rangi yake. Palikuwa na kipimo cha chakula cha Wazungu, kipimo cha Waasia na kipimo cha Waafrika. Mzungu alikuwa na mkate na nyama, na Mwafrika alikuwa na unga wa mahindi na maharagwe. Watu hao waliweza kuwa wametenda kosa moja, siku moja, wakahukumiwa na hakimu mmoja, lakini sahani zao hazikufanana. Wakubwa walisema kwamba kila mmoja alipewa alichozoea kula nyumbani. Sababu hiyo yafaa ikumbukwe, kwa kuwa tutaikuta tena mbele.

Hata hivyo si kila upangaji wa wakati ule ulikuwa wa rangi tu. Mwaka 1925 ilitungwa sheria ya kambi za kizuizi. Waafrika wengi walikuwa wakifungwa kwa makosa madogo: kodi ya nyumba isiyolipwa, kipande kilichoachwa nyumbani, ugomvi na bwana wa shamba. Watu hao walipotiwa pamoja na wezi waliozoea wizi, walitoka wamejifunza wasiyoyajua. Basi sheria ile ikaruhusu wawekwe mbali, katika kambi chini ya maofisa wa wilaya, wafanye kazi ya barabara na kukata nyasi, kisha warudi kwao. Kambi zenyewe hazikuwa mahali pa raha, na makosa mengi yaliyopeleka watu huko hayakustahili kuwa makosa. Lakini ndani ya jambo lile mlikuwamo wazo jema, kwamba mtu asiye mwovu asifundishwe uovu na serikali yenyewe.

DARAJA LA CHEO: MFANO WA BARA HINDI

Ombi la jamaa za mwalimu halikuwa geni ulimwenguni. Asili yake yaonekana wazi katika Bara Hindi, nchi ambayo sheria zake zilitumika hapa kwetu kwa miaka mingi, maana mpaka mwaka 1930 makosa ya jinai ya Kenya yalihukumiwa kwa kanuni ya adhabu iliyotungwa kwa ajili ya Wahindi.

Mwaka 1929, vijana waliofungwa Lahore kwa ajili ya kupigania uhuru walikataa kula. Walidai kwamba wafungwa wa siasa wapewe chakula safi, magazeti na vitabu, na wasitendewe vibaya kuliko wafungwa wa Kizungu waliokuwa chini ya paa lile lile. Mmoja wao, Jatindra Nath Das, alikaa siku 63 bila chakula, akafa tarehe 13 Septemba, 1929. Nchi nzima ilitikisika. Serikali ya Uingereza ilipojibu, haikutoa haki kwa wafungwa wa siasa kama walivyotaka. Ilitunga madaraja matatu, A, B na C. Aliyekuwa na elimu, mali na maisha ya hali ya juu nyumbani aliweza kuwekwa katika A au B, akapata kitanda, chakula bora, vitabu na barua zaidi. Watu wengine wote, ndio wengi, waliachwa katika C. Nchi zile zilipopata uhuru, madaraja hayo hayakufa. Kanuni za magereza za Pakistan za mwaka 1978 ziliyahifadhi, na mtu wa cheo aliweza kuomba daraja bora kwa sababu ya elimu yake na jinsi alivyozoea kuishi.

Tafadhali tazameni, ndugu, jinsi jambo lilivyogeuzwa. Das alikufa akidai kwamba Mhindi asilishwe vibaya kuliko Mzungu. Matunda ya kifo chake yakawa kwamba Mhindi tajiri asilishwe vibaya kama Mhindi maskini. Na sababu iliyotolewa ni ile ile tuliyoikuta hapa kwetu, kwamba kila mtu apewe alichozoea nyumbani. Nchini Kenya haikuwa lazima kutunga A, B na C za namna hiyo, kwa kuwa rangi ilifanya kazi ileile.

DARAJA LA MOYO: KAJIADO NA ATHI RIVER

Usiku wa tarehe 20 Oktoba, 1952, Hali ya Hatari ilitangazwa, na viongozi wengi wa Waafrika wakakamatwa. Baadhi yao waliletwa Kajiado wakawekwa kizuizini. Kati yao alikuwamo Gakaara wa Wanjau, mwandishi na mchapishaji wa vitabu vya Kikuyu. Kutoka Kajiado alipelekwa kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na baadaye Athi River. Kumbukumbu alizoziandika na kuzificha wakati wa kizuizi zilitoka kitabu cha Kikuyu, nacho kikashinda tuzo ya Noma mwaka 1984. Kwa hiyo historia ya kizuizi cha Kajiado ina shahidi wake mwenye kalamu.

Athi River, ambayo leo imepakana na mji wetu wa Kitengela, ilikuwa na kambi kubwa kuanzia mwaka 1953. Mkuu wake, Kanali Alan Knight, alikuwa mfuasi wa chama cha Moral Re-Armament, na wafuasi wa chama hicho walifanya kazi kambini wakitumaini kugeuza mioyo ya watu kwa mahubiri na mazungumzo. Hapo ndipo tunapokutana na daraja la namna mpya kabisa. Katika kambi za Hali ya Hatari, watu walichujwa wakapangwa kwa rangi tatu: weupe, wa kijivu na weusi. Rangi hizo hazikuhusu ngozi, kwa maana wote walikuwa Waafrika. Zilihusu moyo. Mweupe ni aliyehesabiwa kuwa hana hatia, akaweza kurudi kwao. Wa kijivu ni aliyekula kiapo lakini akadhaniwa kuwa aweza kubadilika, akapelekwa kambi za kazi. Mweusi ni aliyekataa. Baadaye rangi ziliachwa zikatumika herufi, Z, Y na X, ila maana haikubadilika.

Mtu alisafiri kutoka daraja moja mpaka jingine kwa kuungama. Aliyeungama alihamishwa ua, akakaribia kwao. Aliyenyamaza alirudishwa nyuma, mbali zaidi, mahali pakavu zaidi. Kwa hesabu ya serikali yenyewe, mwishoni mwa mwaka 1954 watu zaidi ya 70,000 walikuwa vizuizini. Haki ndogo za mtu, kama vile barua ya mkewe au siku ya kurudi nyumbani, zilifanywa chambo cha ndoana.

Twapenda kutaja jambo moja ambalo huachwa na wengi. Waliozuiwa hawakuwa wajinga wa haki zao. Walijua kwamba mtu aliyezuiwa bila kuhukumiwa mahakamani si mfungwa, na kwamba mapatano ya mataifa ya mwaka 1930 juu ya kazi ya shuruti hayakuruhusu mtu asiyehukumiwa kulazimishwa kazi. Wengi walikataa kazi wakitaja sababu hiyo. Josiah Mwangi Kariuki, aliyepita katika kambi nyingi, aliandika barua za malalamiko zilizotolewa nje kwa siri, na kitabu chake juu ya maisha hayo kilichapishwa mwaka 1963. Tarehe 3 Machi, 1959, kambini Hola, watu waliohesabiwa kuwa weusi kabisa walilazimishwa kufanya kazi kwa marungu, na watu 11 wakapigwa mpaka kufa. Huo ndio mwisho wa njia ile. Mtu akiisha kuandikwa kuwa wa daraja la chini kabisa, mkono unaompiga hausikii tena kwamba unampiga mtu.

Tena yafaa ikumbukwe kwamba mwezi Agosti, 1955, wakati kambi zile zikiwa zimejaa, mkutano wa Umoja wa Mataifa mjini Geneva ulikubali kanuni za chini kabisa za kuwatendea wafungwa. Ndani yake iliandikwa kwamba wafungwa wasibaguliwe kwa rangi, dini, siasa au mali. Geneva waliandika, na Athi River waliendelea kuchuja.

Wala mambo haya hayakuwa ya Kenya peke yake. Katika kisiwa cha Robben, Afrika ya Kusini, Nelson Mandela na wenzake walianza kifungo chao cha mwaka 1964 katika daraja D, la chini kabisa, ambamo mfungwa aliruhusiwa barua moja na mgeni mmoja kila miezi sita. Juu ya daraja hilo palikuwa na rangi. Ahmed Kathrada, kwa kuwa alikuwa Mhindi, alipewa suruali ndefu na kipimo cha chakula kilicho bora, na Mandela, kwa kuwa alikuwa Mwafrika, alipewa kaptura na hakupewa mkate. Wafungwa wale walidai usawa wa sahani kwa miaka mingi. Ni jambo la maana kwamba kanuni za Umoja wa Mataifa zilipotengenezwa upya mwezi Desemba, 2015, zilipewa jina la Mandela.

SHERIA ZA NCHI HURU

Sheria ya magereza tuliyo nayo Kenya ilitungwa mwaka 1962, na kanuni zake mwaka 1963, nchi ilipokuwa ikiingia katika uhuru. Humo madaraja ya rangi hayamo. Wafungwa hupangwa kwa namna nyingine: wasiohukumiwa mbali na waliohukumiwa, vijana mbali na watu wazima, wanawake mbali na wanaume. Miongoni mwa waliohukumiwa, wale wa kosa la kwanza wana daraja lao liitwalo la Nyota, ili wasichanganywe na waliozoea kurudi gerezani. Jina hilo lilitoka Uingereza, ambako daraja la Nyota lilianzishwa mwaka 1879. Kadhalika zimo hatua ambazo mfungwa hupanda kwa bidii na mwenendo mwema, naye hupata ruhusa zaidi kadiri apandavyo. Aliyehukumiwa kifungo cha zaidi ya mwezi mmoja aweza kupunguziwa theluthi ya kifungo chake kwa kazi na tabia njema, isipokuwa wa makosa yaliyotajwa na sheria kuwa hayana msamaha huo.

Hatusemi kwamba uhuru ulimaliza maovu. Sheria ya kumzuia mtu bila kesi ilitumika tena baada ya mwaka 1966, na Waafrika wakawazuia Waafrika. Kariuki mwenyewe, aliyepona kambi za wakoloni na kuwa mbunge, aliuawa mwezi Machi, 1975, na mwili wake ukaonekana katika milima ya Ngong, ndani ya nchi yetu hii ya Kajiado. Magereza nayo yalijaa kupita kiasi, na miaka mingi yalifungwa macho ya watu wa nje yasione. Ilikuwa baada ya mwaka 2003, Moody Awori alipokuwa Makamu wa Rais na waziri wa mambo ya ndani, ndipo milango ilifunguliwa kidogo, magodoro na runinga vikaingia. Twaomba mlitazame jambo hilo kwa makini. Magodoro yale hayakuletwa kwa ajili ya watu wa cheo. Yaliletwa kwa ajili ya wafungwa.

Katiba ya mwaka 2010 ilithibitisha kwamba mtu aliyefungwa anabaki na haki zake zote, ila zile tu zisizoweza kupatana na kufungwa kwake. Sheria ya mwaka 2014 juu ya watu walionyimwa uhuru ikataja chakula, malazi, matibabu na utu wao. Hakuna mahali ambapo shahada ya chuo, au ukubwa wa shamba, au jina la ukoo, vimetajwa kuwa sababu ya kupewa kitanda.

TULIYOJIFUNZA

Tukiyakusanya yote hayo, twaona kwamba neno daraja limebeba mizigo minne isiyofanana, na ugomvi wetu katika kamati ulitokana na kuichanganya.

Mzigo wa kwanza ni kutenga. Mtoto atengwe na mtu mzima, asiyehukumiwa na aliyehukumiwa, mgeni wa kosa na mzoefu. Huo ni upangaji wa haki, na hata katika ile sheria ya mwaka 1925 twauona mwanga wake.

Mzigo wa pili ni kutuza. Mwenye bidii apate barua zaidi, au kazi ya ufundi, au apunguziwe siku. Huo nao ni mwema, ila kwa sharti moja: tuzo ianzie juu ya haki, isianzie chini yake. Mkiwanyima watu blanketi kwanza, kisha mkalitoa kama zawadi kwa atakayenyenyekea, mmerudi katika kambi za mwaka 1953.

Mzigo wa tatu ni kusaidia mwenye haja. Mgonjwa apewe chakula cha mgonjwa. Mama aliyefungwa pamoja na mtoto mchanga, kama sheria inavyoruhusu mpaka mtoto afike miaka minne, apate riziki ya mtoto. Mzee na kilema wapate mahali panapowafaa. Kanuni za Mandela zinasema wazi kwamba kumwongezea mwenye haja si ubaguzi.

Mzigo wa nne ni kuheshimu cheo. Huo ndio uliokuwa wa rangi hapa kwetu, ukawa wa elimu na mali katika Bara Hindi. Huo hatukuuonea haki popote. Wahenga walisema cheo ni dhamana. Mtu hupewa cheo ili kiwafae wengine, wala si ili kimtandikie kitanda siku ya mashaka yake. Tena walisema: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Hawakusema mpeni haki yake kwa kadiri ya kisomo chake.

JIBU LA KAMATI

Basi tulirudi mbele ya mkutano tukatoa jibu, na kwa kuwa wanachama wengi hawakuwapo siku ile, twaliandika hapa.

Mama wa Kitengela aliuliza mwanawe ni wa daraja gani. Jibu la sheria ni kwamba yeye ni wa daraja lile lile la mwalimu: daraja la watu wasiohukumiwa. Katiba inamhesabu kila mmoja wao kuwa hana hatia mpaka mahakama iseme vingine. Aliyemwita kijana yule mwizi wa ng'ombe katika mkutano wetu alitangulia mbele ya hakimu, na mtu huyo amekwisha kumwomba mama radhi. Nasi sote tuliomsikia tukanyamaza twamwomba radhi vilevile.

Barua ya kumwombea mwalimu daraja la juu hatukuiandika. Lakini tulipowauliza jamaa zake zaidi, tuligundua kwamba mwalimu ana ugonjwa wa sukari, jambo ambalo hawakulitaja mwanzoni kwa sababu walidhani kisomo chake kitasikiwa kuliko ugonjwa wake. Basi tuliandika barua nyingine, tukiomba aonwe na mganga na apewe chakula kinachomfaa mgonjwa. Hilo ni haki yake, na lingekuwa haki ya yeyote mwenye ugonjwa huo.

Kuhusu yule kijana, tulijifunza jambo la sheria ambalo hatukulijua. Mtu asiyehukumiwa aweza kuruhusiwa kupokea kutoka kwa jamaa zake chakula, nguo, malazi na mahitaji mengine, kwa saa zilizowekwa na baada ya kukaguliwa. Lakini haruhusiwi kumgawia au kumwuzia mfungwa mwingine vitu hivyo. Maana yake ni kwamba hata kama mwalimu angetaka kumpa kijana blanketi lake la pili, mkono wake umefungwa. Asiye na jamaa wa kumletea hawezi kufikiwa ila na mtu wa nje atakayetaja jina lake mlangoni. Kwa hiyo mweka hazina aliamriwa atoe fedha za blanketi na sabuni kwa jina la kijana yule, na wazee wawili wakaenda naye mama mpaka lango la gereza, kwa idhini ya wakuu wake. Kadhalika kamati inatafuta mtu mwenye mali atakayekubali kumsimamia kwa dhamana, maana katiba inatoa haki ya dhamana kwa masharti ya kiasi, ila maskini hukosa mdhamini.

Tunapofunga taarifa hii, kesi zote mbili hazijakwisha, wala si kazi ya chama kutabiri hukumu. Tunaomba mambo mawili tu kwa kila mwanachama. Kwanza, mwenye ndugu au jirani aliyefungwa Kajiado, Kitengela au mahali pengine popote, alete jina lake kwa katibu bila aibu, na aeleze haja yake, asieleze cheo chake. Pili, mchango wa mwaka ujao utakapotangazwa, kila mmoja akumbuke swali la yule mama. Sisi tulikwenda kutafuta historia ya madaraja ya wafungwa, na tumerudi tukijua kwamba swali lake lilikuwa linatuuliza sisi.